Kiota Nilichokiacha Nje ya Fomu

Jumatatu, 7 Aprili

Nimetoka saa kumi na moja alfajiri. Pikipiki imegoma mara tatu, ya nne ikakubali. Njia za Bahi bado ni tope. Nimepita malalo yote matatu ya kwelea kwelea: ya kusini, ya kando ya reli, na mwisho matete ya kaskazini. Kazi ileile ya kila mwaka. Mpunga ukianza kujaa maziwa, kwelea wanashuka kwa makundi, na mimi afisa ugani natafuta wanakolala ili eropleni ije iwanyunyizie sumu.

Kaskazini ndiko kwenye wengi zaidi. Jioni waliingia kwenye matete kama moshi wa tanuri la matofali, na kelele zao zilinifanya nishindwe kusikia simu.

Majaruba ya mpunga ya Mama Yoeli yanapakana na matete hayo. Mjane, ekari mbili, hana shamba jingine. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniuliza eropleni inakuja lini. Nikasema karibuni. Akacheka. "Karibuni" ya watu wa ofisi anaijua.

Jumanne, 8 Aprili

Nimejaza fomu tatu, moja kwa kila malalo. Ukubwa, aina ya mimea, umbali kutoka majini, umbali kutoka kwenye nyumba. Kipengele cha mwisho: ndege wengine waliomo. Kusini nimeandika yangeyange wachache, wanaopita. Relini, hakuna. Kaskazini, hakuna.

Hiyo ya mwisho ni uongo. Katikati ya matete ya kaskazini kuna kiota cha korongo, wale wenye taji ya manyoya kichwani. Mayai mawili. Nimekifahamu tangu wiki iliyopita.

Sikusahau. Nimeacha kwa makusudi. Miaka michache nyuma niliandika kiota cha namna hii kwenye fomu, ikabandikwa kwenye ubao wa kijiji kama utaratibu unavyotaka. Wiki haikuisha, vifaranga hawakuwepo. Kuna watu mjini wanapenda kufuga korongo uani, wapite pite mbele ya wageni. Tangu hapo viota vyangu nimevihifadhi kichwani. Havijawahi kuibwa humo.

Tena kaskazini hakuna hatari. Miaka yote wavuvi hutega pale pale, na wilayani huyakataa matete hayo kila mwaka kwa sababu ya maji. Eropleni haitafika.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimechungulia kwa darubini, dakika kumi tu. Mmoja amelalia. Mwingine amesimama majini, hafanyi lolote. Nimewaacha.

Mpunga wa Mama Yoeli umeanza kunyonywa. Mistari miwili ya mwanzo ni makapi. Yuko shambani kuanzia alfajiri, anapiga debe. Ukimsikia kwa mbali utadhani kuna harusi.

Jumatatu, 14 Aprili

Orodha imerudi kutoka wilayani. Matete ya kaskazini ni ya kwanza.

Wavuvi wamehamia mbali mwaka huu, nje ya malalo yote, kuna kambale wengi zaidi huko. Mimi ndiye niliyeliandika hilo kwenye fomu, kwa mkono wangu, bila kufikiri kwamba wavuvi ndio waliokuwa kinga ya matete. Bosi wangu ni mwanamke mwenye akili na mwenye haraka. Alinipigia kunipongeza: "Fomu yako ya kaskazini iko clear kabisa, hamna hata ndege mwingine. Tunaanza na hapo." Eropleni itakuja Jumanne baada ya Pasaka, jioni, kwelea wakishatulia.

Nikasema, "Sawa, bosi." Sawa! Nimeona aibu nikiwa peke yangu chumbani.

Jumanne, 15 Aprili

Sijafanya kazi ya maana leo. Nimezunguka na pikipiki nikijifanya nina safari.

Nikisema ukweli, nitaeleza kwa nini nilidanganya. Nikieleza, kila mtu atajua kiota kilipo. Nisiposema, sumu itawaangukia wale wawili pamoja na mayai yao. Nimejifunga mwenyewe, kamba nimesokota mwenyewe.

Jioni nimempigia Issa, mtoto wa mama yangu mdogo, kule Kolo. Yeye na wenzake wanategea kwelea kwa nyavu, kazi ya baba zetu. Mimi niliikimbia nikaenda chuo kusomea namna ya kuwaua kwa sumu. Nimemwomba aje na nyavu zote. Wazo langu: malalo yakisumbuliwa sana, kundi linahama. Likihama, eropleni haina la kufanya pale, na mimi sina la kukiri. Hakuniuliza sababu. Alicheka tu kwamba leo mwenye diploma anaomba nyavu.

Alhamisi, 17 Aprili

Issa amefika na watu watatu na marobota ya nyavu juu ya basi dogo. Wamelala kwangu, chumba kinanuka samaki na kamba mbichi. Jioni wametega pembezoni mwa matete, upande wa Mama Yoeli. Nimewaambia wasiingie katikati. Nimesema kuna kina kirefu. Uongo mwingine huo, lakini mdogo.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Alfajiri nyavu zilikuwa nyeusi kwa kwelea.

Nilikuwa nimesahau desturi yao. Hagusi mtu kwelea hata mmoja kabla mtu wa kwanza hajapita wavu mzima kuwaachia wageni. Wageni ni ndege wowote wasio kwelea. Leo Issa ndiye aliyepita. Tetere mmoja, mnana wanne, na kijumbamshale aliyekuwa amejiviringa vibaya hata ikabidi nyuzi zikatwe. Anamtoa, anamshika kifuani kidogo mpaka atulie, anamfungulia. Watu wa kijiji walikuja na ndoo kuchukua kitoweo cha Pasaka, wakasubiri mpaka alipomaliza. Kwenye fomu yangu kazi hiyo ni kipengele cha mwisho. Kwao ndiyo ya kwanza. Nimejisikia mdogo.

Baadaye Issa aliniita pembeni. Alikuwa ameingia katikati, bila shaka. Huyo ukimwambia pana kina anavua viatu.

"Kaka, mle ndani korongo amelalia. Ulikuwa unajua?"

Nikasema nilikuwa najua.

"Na eropleni inakuja?"

Nikasema inakuja. Akaniangalia, akarudi kukunja nyavu.

Kundi halijapungua kwa macho. Jioni waliingia kama moshi uleule.

Jumamosi, 19 Aprili

Siku ya pili ya nyavu. Ndoo nyingi, mabadiliko hakuna. Ni kama kulikausha bwawa kwa kikombe. Issa mwenyewe amesema angehitaji mwezi.

Nimempigia bosi. Nimemwambia kuna kiota, na kwamba nilikiona kabla ya kujaza fomu. Alinijibu polepole, na hilo si kawaida yake. Fomu iliyosainiwa na kijiji haibadilishwi na mtu mmoja kwa simu. Uitishwe mkutano, sababu isomwe mbele ya watu, muhtasari usainiwe na umfikie kabla ya Jumanne mchana. Vinginevyo eropleni itafuata orodha ilivyo. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Nimeenda kwa mtendaji wa kijiji, nimemwambia tu ni jambo la fomu. Mkutano ni Jumatatu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mimi si Mkristo, lakini Bahi yote iko kanisani na pikipiki yangu ndiyo pekee barabarani. Mke wangu amepiga kutoka Nzuguni kuuliza kama naenda nyumbani. Nimesema kazi.

Nimekaa mbali na matete kwa saa nzima. Walibadilishana zamu ya kulalia. Aliyetoka alinyoosha bawa moja, kisha mguu, akaenda kula.

Naandika jambo moja kwa uwazi. Nikinyamaza kesho, kijijini hakuna atakayejua. Bosi ataamini kijiji kilikataa kubadilisha fomu. Issa atarudi Kolo. Mpunga wa mjane utapona. Hilo ndilo linaloniudhi, kwamba hesabu inakubali.

Jumatatu, 21 Aprili

Mkutano umefanyika chini ya paa la ghala la mpunga. Watu wengi kuliko nilivyotaka.

Nilisimama nikasema nilidanganya kwenye fomu. Nikasema kuna kiota kwenye matete ya kaskazini, kuna mayai mawili, na kwamba nilikificha nikihofia kitaibwa kama kile cha mwanzo. Nikasema pia gharama yake: kaskazini ikiondolewa kwenye orodha, kwelea wa pale watabaki, na mashamba ya karibu yataliwa. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo la chanjo ya kuku.

Kelele zikaanza. Mwanamume mmoja wa nyuma aliuliza kama korongo wawili ni wakubwa kuliko mpunga wa watu. Wengine wakamuunga mkono. Mmoja akasema nalipwa mshahara kwa ajili ya kilimo, si kwa ajili ya manyoya. Na ni kweli.

Mama Yoeli akanyoosha mkono. Mtendaji alimruhusu. Aliwasalimu kwanza, "Mbukwenyi," wakaitikia, kelele zikapungua.

"Hicho kiota nakijua tangu wanakanyaga matete kukitengeneza," alisema. "Mbwa wangu nimemfunga kamba mwezi mzima. Mlidhani kwa nini?"

Watu wakacheka kidogo. Akanigeukia.

"Bwana shamba, unapita kwangu kila siku, unaniamkia vizuri. Hukuniuliza. Ulidhani mwizi ni mimi?"

Nilitaka kusema hapana. Ukweli ni kwamba nilidhani mwizi ni mtu yeyote, na yeye akiwemo. Ilikuwa aibu ya kweli, ile ya kuhisi masikio yanawaka moto.

Hakusubiri nijibu. Alisema sumu ikiangukia matete yale inaingia kwenye maji, na maji yale ndiyo anayokunywa na kupikia. Shamba la karibu kuliko yote ni lake, na yeye amesema eropleni ipite kwingine. "Lakini kuwinga ndege siwezi peke yangu. Anayetaka kunionea huruma aje na debe." Akakaa.

Mtendaji aliuliza nani anapinga. Mikono mitatu. Muhtasari ukasainiwa. Wakakubaliana kila siku nyumba nne zipeleke mtu wa kuwinga kaskazini mpaka mavuno. Issa amesema atabaki na nyavu mpaka mwisho wa wiki.

Nimeupeleka muhtasari wilayani mwenyewe. Bosi aliusoma akiwa amesimama. Akagonga muhuri. Nitaandikiwa barua ya onyo. Nimesema nastahili, akasema, "Najua."

Jumanne, 22 Aprili

Eropleni imekuja saa kumi na mbili kasorobo. Kusini, kisha relini. Ilipogeuza ilipita karibu na kaskazini, nikashika usukani wa pikipiki kwa nguvu ingawa nilikuwa nimeizima. Haikumwaga. Imeondoka.

Jumatano, 23 Aprili

Siku ya kufukia. Nimeshinda kusini na watu wanne, glavu na barakoa. Tumewazuia watu kuokota. Kwelea wa juzi walikuwa kitoweo, wa leo ni sumu, na kwa macho ni walewale. Mzee mmoja alikuwa ameshajaza ndoo. Imebidi nimwombe mara tatu, mara ya nne nikaimwaga mwenyewe shimoni. Hakunisamehe.

Pamoja na kwelea: yangeyange saba, bundi mmoja, mwewe wawili ambao bila shaka walikula waliokufa. Kambale wadogo wameelea ukingoni. Nimewaandika wote kwenye fomu, hadi yule bundi. Kipengele cha mwisho kimejaa, nimegeuza karatasi nikaendelea nyuma.

Jumapili, 27 Aprili

Issa ameondoka. Amechukua gunia la kwelea waliokaushwa, akaniachia wavu mmoja. Amesema nisiuache kabatini.

Kaskazini ni debe kutwa. Watu wanakuja, si wote. Nyumba nne zilikuwa mbili leo. Mistari ya Mama Yoeli iliyo karibu na matete haina kitu tena, ukiishika masuke yanakuwa mepesi mkononi. Yeye amehamia mistari ya katikati, kama mtu aliyekubali kupoteza ukumbi ili abaki na chumba.

Jumanne, 29 Aprili

Nimeanza likizo yangu. Naitumia kukaa kando ya matete na debe. Mke wangu amesema maneno yake, ana haki.

Jana, nilipokuwa nimeenda kununua betri, mtu mmoja wa mjini alifika na gari jeupe. Alimuuliza Mama Yoeli mahali walipo korongo. Alikuwa ameshasikia. Siku saba tu tangu mkutano. Mama Yoeli alimweleza kwa upole kwamba wamehamia kusini, akamwonyesha njia ya mkato. Njia hiyo haijapitwa na gari tangu Februari. Gari lilizama mpaka milangoni, likavutwa na maksai jioni. Amenisimulia huku akipepeta mchele wa chakula, bila kutabasamu hata kidogo. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kisha nikaogopa. Huyo atarudi na buti.

Ijumaa, 2 Mei

Kiota kitupu.

Nimekikuta hivyo saa moja asubuhi. Vipande vya maganda, viwili vikubwa, vingine vimekanyagwa. Wakubwa sijawaona. Vifaranga vya korongo huondoka kiotani mapema, ndani ya siku moja au mbili wanafuata wazazi majini. Maganda yanaonyesha walianguliwa. Baada ya hapo sijui. Niliangalia kama kuna nyayo za mtu. Matope yote pale yana nyayo za watu, na nyingi ni zangu.

Nimemwambia Mama Yoeli. Amesema, "Basi wametoka," akaendelea kupiga debe. Hakusema wametoka vipi.

Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani. Pengine hakuna wa kukasirikiwa.

Alhamisi, 8 Mei

Likizo imekwisha. Nimerudi kazini. Barua ya onyo imefika, aya tatu, imeandikwa vizuri. Nimeiweka kwenye faili.

Bosi ameniambia fomu za mwakani hazitabandikwa ukutani tena zikiwa na viota. Zitakaa ofisini, na kijiji kitaambiwa kwa mdomo kwenye mkutano. Ameuliza maoni yangu. Nimesema waanze kuwauliza wenye mashamba yanayopakana. Ameandika.

Alhamisi, 15 Mei

Nimepita kaskazini kwa darubini, saa mbili. Kwelea wamepungua, mpunga umekomaa, hawautaki tena. Korongo sijawaona. Nilimwona mmoja akiruka mbali kuelekea magharibi, peke yake. Huenda si wale.

Jumatano, 21 Mei

Tena hakuna.

Jumamosi, 31 Mei

Nimeenda kumsaidia Mama Yoeli kuvuna. Hakuniita, na nilipofika hakushangaa. Alinipa mundu wenye mpini uliofungwa kwa mpira.

Tumevuna kuanzia asubuhi na wanawake wawili wa kanisani kwake. Upande wa matete tumeuruka, hauna cha kuvunwa. Amepata kinachoweza kumfikisha kwenye mvua akijibana. Kuuza hataweza mwaka huu. Amelisema hilo mara moja tu, wakati tunafunga mafungu, kisha akaongelea mgongo wake.

Saa kumi hivi wakatoka kwenye matete. Wawili wakubwa, mbele na nyuma, na katikati yao mmoja wa rangi ya vumbi, miguu mirefu kuliko akili, hana taji bado. Wakaingia kwenye jaruba tulilokwisha kuvuna wakaanza kuokota mpunga uliodondoka. Nimeacha mundu.

Wakasogea wakiokota, mpaka wakalifikia turubai ambalo mpunga wa Mama Yoeli ulikuwa umeanikwa. Yule mdogo akapanda juu yake.

Mama Yoeli akaokota bonge la udongo akawarushia kwa nguvu zote, na maneno ya Kigogo ambayo siwezi kuyaandika. Lilipita mbali nao. Wakakimbia hatua chache, wakasimama, wakaanza kula tena kandokando ya turubai. Yeye akainama akaendelea kukata.